Nataka kuhamia kwenye safari za motisha za makampuni, nianzie wapi?

Wakuu habari. Nina miaka minne dawati la tiketi kwenye wakala wa usafiri. Juzi nilikatia tiketi kundi la wauzaji 60 waliovuka malengo, kampuni yao ikawazawadia safari pamoja na wenza wao. Nilipoiona ratiba, hadi zawadi ambayo mgeni anaikuta kitandani kila usiku, nikasema kazi yangu ni hii. Sina digrii. Nianzie wapi? Na cheti kina maana, au ni kutupa hela?

Kalamu Nyekundu:
Kwanza futa ile picha ya ufukweni. Ukishafika huko unaamka kabla ya wote, unalala baada ya wote, na bahari unaionea dirishani mwa basi. Kazi yenyewe ni orodha: ya vyumba, ya ndege, ya nani hali karanga.

Mwaka wangu wa kwanza mgeni mmoja alijaza fomu kwa jina la ndoa, kumbe pasipoti ina jina la baba yake. Tiketi ikatoka na jina la fomu. Tulikuja kugundua kaunta ya uwanja wa ndege, saa kumi alfajiri, foleni ya watu nyuma yetu. Siku hizi siulizi jina, nataka picha ya ukurasa wa pasipoti, na naangalia tarehe ya kuisha papo hapo, maana nchi nyingi zinadai iwe na miezi sita mbele. Wewe haya unayajua tayari. Yaandike kwenye barua ya maombi.

Mzee wa Mikataba:
Mwenzangu kasema kweli ila karuka pesa. Kwa kawaida safari hizi hulipiwa na faida ya mauzo ya ziada. Hoteli inashikwa mapema, pengine mwaka mzima kabla, wakati shindano la mauzo bado halijaisha na hakuna anayejua watafuzu wangapi. Hapo ndipo watu wanaumia. Tuseme umeshika vyumba 100, mkataba unakuruhusu kupunguza asilimia 20, yaani hadi 80, halafu waliofuzu wanajaza 65. Vile 15 mnalipia vikiwa vitupu. Anayeweza kukaa na hoteli akalegeza kifungu hicho kabla ya kusaini hakosi kazi, digrii au hakuna.

Dada Ratiba:
Kuhusu cheti: SITE, chama cha kimataifa cha fani hii kilichoanzishwa 1973, kina CIS kwa wanaoanza na CITP kwa wazoefu. CIS ninayo. Ilinipa msamiati, ajira haikunipa. Ajira niliipata kwa kwenda kama kibarua wa siku nne, kushika kibao cha majina uwanja wa ndege na kukaa meza ya wageni hotelini. Tafuta kampuni zinazopokea makundi, msimu ukichanganya huwa zinapungukiwa mikono.

Mzee wa Mikataba:
Dada, kibarua sawa, lakini wapo walioshika kibao miaka mitano hawajawahi kuona bajeti. Aombe kuingia ofisini mapema.

Mleta uzi:
Nashukuru sana. Kundi lile lina safari nyingine, nitamwomba bosi anikabidhi orodha ya majina yote badala ya tiketi tu.

Kalamu Nyekundu:
Omba na ya kurudi. Ndiko wanakobadilisha tarehe bila kumwambia mtu.