Mrejesho: ile picha ya mabega wazi

Wadau, nimerudi. Ni yule binti wa Kirumba, Mwanza, niliyeuliza kama nipeleke kwenye maonyesho picha niliyojichora nikitoka kuoga ziwani, kanga kifuani, mabega wazi, Jiwe la Bismarck kwa mbali, na mama hataki hata kuisikia.

Wengi mlisema nijichoree mtandio. Sikuweza, nani anaoga na mtandio? Nikamwita mama aione mwenyewe, maana alikuwa amesimuliwa tu na shangazi. Akavaa miwani, kimya, halafu: "Kanga umeifunga vibaya. Hii ingedondoka kabla hujafika kwenye mawe."

Akanifungia ya kwake, pindo akalichomeka kwapani. Nikaichora upya usiku huohuo. Picha imekwenda. Baba bado hajui. Mama kasema nimwachie yeye.