Komite ya wazazi katika shule ya kijiji: nani aichague, na iwe na haki ya kuona nini?

Mzazi wa Kabare, anakaa Bukavu (ndiye anayefungua mjadala)

Nawauliza wazazi wenzangu wa Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, hapa kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, pamoja nanyi mnaokaa mjini huku watoto wakisomea kwa bibi yao mlimani: prezidenti wa COPA (komite ya wazazi) ya shule yenu alichaguliwa na nani? Siulizi nani alimtambulisha. Nauliza nani walipiga kura, nani alikuwa na nafasi ya kusema hapana, na kama tangu siku ile prezidenti huyo ameshaliona daftari la pesa za shule.

Katika shule nyingi za msingi ninazozijua, mambo huenda hivi. Mwezi wa tisa, masomo yakianza, direkta anaita mkutano wa wazazi. Wanakuja akina mama, kwa sababu akina baba wako Kamituga kwenye dhahabu au wameshuka mjini kutafuta. Direkta anakaribisha watu, anataja jina la mwenye duka au la katekista, kisha anauliza kama kuna anayepinga. Nani atanyanyua mkono mbele ya mtu anayeamua kama mtoto wake atapanda darasa? Makofi yanapigwa, basi. Miaka inapita mtu ni yuleyule, hata mtoto wake wa mwisho akiwa alishamaliza la sita zamani.

Mimi nataka kura ya siri kila baada ya miaka miwili, na nataka hesabu za shule zisomwe mbele ya wazazi kila muhula. Nikilazimishwa kuchukua kimoja tu, nachukua hesabu. Mtu mwenye akili na kazi zake hawezi kugombea kiti ambacho hakimwonyeshi chochote. Ndiyo maana kiti hicho kinabaki kwa anayetaka kuketi tu karibu na wakubwa siku ya sherehe.

Na nina sababu ya kuliuliza hili sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu na migomo ikafunga shule, sisi wazazi ndio tuliobeba mshahara wao kwa mchango tuliouita prime. Ilisemwa ni ya muda, ikadumu zaidi ya miaka 25. Iliumiza watu. Watoto walirudishwa nyumbani katikati ya somo, na wasichana ndio waliokuwa wa kwanza kuachishwa. Siitamani irudi hata siku moja. Lakini wakati ule mkutano wa wazazi ulijaa, kwa kuwa kiasi cha prime kilijadiliwa pale, na anayetoa pesa anauliza zimekwenda wapi. Septemba 2019 elimu ya msingi ikawa bure katika shule za Serikali, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyoamuru. Nilishangilia, bado nashangilia. Ila tangu hapo mikutano imekuwa mikavu. Mzazi anajiambia: sitoi kitu, nitauliza nini? Wakati huohuo pesa za uendeshaji kutoka Serikalini zinapita mkononi mwa mtu mmoja, na bado tunaombwa kidogo cha choo, kidogo cha dawati, kidogo cha mwalimu ambaye hajaingia kwenye orodha ya malipo. Hicho kidogo nacho hakina daftari.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inawahesabu wazazi kati ya washirika wa elimu. Mshirika anayejulishwa mambo baada ya kuamuliwa, ushirika wake uko wapi?

Direkta wa shule ya kanisa, Walungu

Ndugu mzazi, nakuheshimu, na mengi uliyoandika nimeyaona kwa macho yangu. Lakini umesahau shule zetu ni za nani. Mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule za makanisa. Ilishindwa kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi. Tangu hapo Serikali inalipa, kanisa linasimamia. Mimi nimewekwa na kordinasio, ofisi ya kanisa inayosimamia shule zake, si na mkutano wa mlima. Kesho COPA iliyochaguliwa kwa kura ikiniambia nimfukuze mwalimu fulani kwa sababu si wa ukoo wao, nimsikilize nani?

Hofu hiyo siibuni. Kura ikipigwa kijijini kwetu, koo zinajipanga. Anayetaka kuwa deputé (mbunge) wa jimbo anatuma mtu wake, analeta sukari na chumvi, na shule inakuwa uwanja wa kampeni. Baada ya hapo walioshindwa hawaji tena hata kusaidia kubeba mawe ya msingi wa darasa. Huyo katekista mnayemlaumu anakuja kila nikimwita, mvua ikinyesha, bila hata nauli.

Kuhusu pesa za uendeshaji, nitasema wazi. Zinachelewa, na zikifika hazitoshi chaki, karatasi za mitihani na safari zangu za kupeleka ripoti. Kuna miezi sina cha kusoma mbele ya mkutano ila deni. Nina walimu wa NU, wanafundisha bila mshahara wa Serikali wakingoja majina yao yatoke Kinshasa. Wakiacha, madarasa mawili yanabaki bila mtu. Nawatafutia kitu. Nikikiandika, nimevunja sheria ya elimu ya bure. Nisipokiandika, nimeficha. Niambieni nifanye nini, maana saini ni yangu peke yangu, na siku ya kosa nitakamatwa mimi, COPA haitakamatwa.

Mama wa AVEC (kikundi cha akiba na mikopo cha kijiji), Katana

Bwana direkta, ahsante kwa kusema ukweli wa walimu wa NU. Hapo ulipofika ndipo penye dawa. Ungeyasema haya mbele yetu mwezi wa tisa, tungejua kidogo tunachotoa kinakwenda kwa mwalimu wa la pili, na asingebaki mtu wa kusema umejijengea nyumba. Kwetu wanasema hivyo kila siku ya soko, na huenda wanamwonea direkta wetu. Hatuwezi kujua.

Mnasema wanakijiji hawawezi kuangalia pesa bila kugombana. Sisi akina mama wa AVEC tunaweka akiba kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila wote tumekaa. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, kila mmoja anasikia ya mwenzake. Wengi wetu hatujui kusoma, lakini wiki inayofuata kabla ya kufungua tunaulizwa mlikuwa na ngapi, na tunajibu. Koo zetu ni zilezile za mlimani. Mwenye deni tunamjua na hatupigani.

Sasa angalieni shuleni. Mkutanoni tunakuja sisi, komite wanakuwa wao. Kwetu kuna mwanamke mmoja katika COPA, na kazi yake ni kupanga chakula cha wageni. Hesabu, siku ziliposomwa, zilisomwa kwa Kifaransa, haraka haraka, na sisi tunazungumza Mashi na Kiswahili. Kisha wakaandika kwamba wazazi wamekubali.

Kuhusu kura, msituambie karatasi ni ghali. Weka chungu nyuma ya mlango wa darasa. Kila mzazi apewe punje ya hindi na punje ya haragwe. Hindi ni mgombea wa kwanza, haragwe ni wa pili. Unaingia peke yako, unatumbukiza moja, nyingine unarudi nayo umeifumba mkononi. Zinamwagwa mezani, zinahesabiwa mbele ya wote. Hata direkta hatajua nani kampa nani.

Na mkutano usiwekwe siku ya soko. Wanajua kwa nini wanauweka siku hiyo.

Kijana wa Panzi, Bukavu

Mimi naona mnaogopa kwenda mbali. Marekani kuna wilaya za shule kama 13,000, na karibu zote zina baraza linalochaguliwa na raia wote wa eneo, mwenye mtoto na asiye na mtoto. Baraza ndilo linaloajiri mkuu wa shule za wilaya na kupitisha bajeti. Kwa nini kwetu mwenye shamba linalopakana na shule, aliyetoa hata miti ya paa, asipige kura kwa kuwa watoto wake ni wakubwa?

Mwalimu mstaafu, Idjwi

Kijana wangu, kule raia anapiga kura kwa sababu sehemu kubwa ya pesa za shule inatoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi yake. Na hata huko, vijijini viti vingi vinapata mgombea mmoja tu, hakuna wa kushindana naye. Usidhani kura peke yake inaleta watu.

Kwa mzazi wa Kabare: miaka miwili ni michache. Mwaka wa kwanza prezidenti anajifunza, wa pili anafanya kampeni. Mpeni mitatu.

Mzazi wa Kabare

Mwalimu, kwa mitatu nakubali, ila anayebaki bila mtoto shuleni atoke mwaka huohuo.

Kijana wa Panzi, kilichonivutia kule Marekani si nani anapiga kura. Ni kwamba sheria zao zinalazimisha kikao cha baraza kifanyike wazi, mtu yeyote aingie asikie bajeti. Hicho tungeweza kukianza kesho bila kubadilisha mkataba wowote na kanisa. Mwenye shamba aje, asikie, aulize. Kura naiacha kwa anayemlea mtoto.

Nasema anayemlea, kwa sababu hapa ndipo pagumu kuliko tulivyozungumza. Mlimani kwetu watoto wengi wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani aliyewapokea baada ya vita. Baba yuko Kamituga na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye orodha. Siku ya kura anatuma mdogo wake, na bibi anayeamka usiku mtoto akiwa na malaria anaambiwa akae pembeni. Orodha ya kura iandikwe upya kwa jina la anayemlisha mtoto, jina moja kwa kila nyumba, hata kama nyumba ina watoto watano. Mwenye mawazo bora kuliko haya ayalete.

Bwana direkta, sitaki COPA ifukuze mwalimu wala iajiri. Hiyo ni kazi ya kordinasio na ibaki huko. Lakini wewe ndiye unayekiongoza kikao cha COGES, komite ya usimamizi wa shule, na wajumbe wa wazazi wanakaa humo. Kama hujawahi kuwaonyesha ni kiasi gani kimefika na kimefika lini, kordinasio haikukukataza. Hofu yako ya kukamatwa naielewa, ndiyo maana nataka saini iwe ya watu wawili: yako, na ya mzazi aliyechaguliwa kwa punje za mama wa Katana. Na karatasi moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi, kwa Kiswahili: kimeingia hiki, kimetoka hiki, deni ni hili. Kuhusu walimu wa NU, sharti la katiba linabaki: mtoto ambaye bibi yake hakutoa kitu asirudishwe nyumbani. Anayependa kumsaidia mwalimu amsaidie, lakini iandikwe kwamba ni msaada, na jina la mtoto lisitajwe.

Bado tuna wiki kadhaa kabla masomo hayajaanza. Nitapeleka ombi la maandishi kwa direkta wa shule ya kwetu: mkutano wa kwanza uwe Jumamosi isiyo ya soko, hesabu za mwaka uliopita zisomwe kwa Mashi kabla ya uchaguzi, na kura iwe ya siri. Walio tayari kutia saini kutoka Mudaka na Kavumu wanijulishe. Na wewe, direkta wa Walungu, ukiwa na shule ambako koo ziliharibu komite iliyochaguliwa, tueleze ilivyokuwa, kwa sababu jibu la mama wa Katana halijanitosha kabisa upande huo.