Naomba ushauri: paka niliyemwokota anachechemea, nimfunge vijiti?

Nyundo Butu
Wakuu habari za muda huu. Usingizi sipati kwa ajili ya paka, mtacheka lakini ndiyo hali halisi.

Juzi jioni nimemtoa paka wa mtaani kwenye mtaro. Dume, mkubwa, kichwa kipana, sikio moja limechanika zamani. Mguu wa mbele wa kushoto haukanyagi kabisa. Akitembea anarukaruka na mitatu, akisimama anauning'iniza, ncha za vidole tu ndizo zinagusa sakafu. Nimemweka stoo, nimemtandikia gunia, maji anakunywa.

Swali langu: nimfunge vijiti viwili na kitambaa uunge wenyewe? Na baada ya muda gani ataweza kujitafutia? Nauliza hivyo kwa sababu hapa kwangu hawezi kukaa sana. Wenye matusi naomba wapite mbali.

Kijukuu
Nawahi siti. Ngoja waje wataalamu.

Shangazi Mkali
Watu wangapi wanachechemea huko nje na hujawahi kuwaulizia vijiti? Binadamu siku hizi mna mambo.

Kobe Mwepesi
Mkuu usihangaike. Nusu kidonge cha paracetamoli, saga, changanya na chakula. Maumivu yakikata atakanyaga mwenyewe. Mimi wangu nilimfanyia hivyo hivyo.

Kijukuu
Akapona?

Kobe Mwepesi
Aliondoka usiku ule ule, sikumwona tena. Nadhani alipona.

Tabibu wa Mifugo
HAPANA. Mleta mada, kama bado hujampa, usimpe. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamoli kama letu. Hata kipande kidogo kinaharibu damu isibebe hewa: fizi zinageuka kahawia au bluu, uso unavimba, anahema kwa shida, anakufa. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zinamaliza figo. Kobe, wako hakupona.

Na vijiti pia acha. Mtu asiyejua akifunga mguu wa paka, anabana damu. Baadaye kiganja kinavimba na kuwa baridi, na mguu uliokuwa wa kupona unakatwa. Halafu kifungo kina maana tu kama kimeshika kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kama tatizo liko kwenye kiwiko au bega, kijiti utakifunga wapi?

Nijibu haya kwanza. Alianza lini? Anakula? Ukipitisha mkono juu ya mguu, kuna mahali pa moto kuliko pengine, pamevimba, panatoa harufu? Umeangalia kati ya vidole na kwenye kucha? Mguu unaning'inia ovyo kama hauna mfupa, au anaukunja mwenyewe? Na la mwisho: amekung'ata au kukukwaruza ulipomtoa?

Mzee wa Kimya
Swali la kucha ni la msingi. Tuliwahi kuwa na paka alichechemea wee, kila mtu anasema amevunjika, kumbe kucha imekua ikajikunja ikaingia kwenye nyama ya unyayo. Ilikatwa, akakimbia palepale. Na mwingine alikuwa na mpira mwembamba wa kufungia noti umemzama chini ya manyoya, hauonekani mpaka uguse. Huyo wa pili hadithi yake ndefu, alikuwa wa shemeji yangu ambaye hakupenda kuambiwa kitu...

Nyundo Butu
Asante Tabibu. Dawa sijampa. Lini alianza sijui, nimemkuta hivyo. Anakula, ila si sana. Juu kidogo ya kiwiko pamevimba na ni pa moto, nikigusa ananguruma. Harufu ipo kidogo. Kati ya vidole sijaona kitu. Mguu anaukunja vizuri tu, hauyumbi.

Kwa hiyo haujavunjika? Maana mpango wangu ni kumrudisha kesho usiku pale nilipomtoa, ana wenzake pale. Boksi nimeshatayarisha.

Mama Mapacha
Kesho?? Na miguu mitatu, mtaroni? Huo si uokoaji kaka, ni kumkopesha siku mbili.

Tabibu wa Mifugo
Uvimbe wa moto, harufu, dume asiyehasiwa, sikio limechanika. Hiyo inanuka jipu la jino la paka mwenzie. Jino la paka ni jembamba, linaingia ndani na uchafu wote wa mdomoni, tundu la juu linafunga baada ya muda mfupi, huku usaha unajikusanya chini ya ngozi. Siku kadhaa baadaye anaanza kuchechemea na watu wanadhani ni mfupa. Linapasuliwa, linasafishwa, anapewa antibayotiki, na mara nyingi ndani ya siku chache anakanyaga. Siwezi kuapa bila kumshika. Joto la kawaida la paka ni kama 38 hadi 39.2, likipita 39.5 ujue ni homa. Apelekwe.

Lakini swali la mwisho umeliruka.

Nyundo Butu
Lipi?

Tabibu wa Mifugo
Unalijua.

Kijukuu
Hapo sasa.

Nyundo Butu
Si kuning'ata kwa maana ya kung'ata. Nilipotaka kuukunjua ule mguu nione, alishtuka, akanipa jino kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Vitundu viwili tu, damu haikutoka nyingi. Nimesafisha na spiriti. Mkono umevimba kidogo lakini nafanya kazi nao. Naomba tusitoke kwenye mada, mada ni mguu wa paka.

Tabibu wa Mifugo
Mada imebadilika, mkuu. Sasa hivi, kabla hujajibu chochote, nenda kwenye bomba, maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, ukitazama saa. Hata kama umechelewa, osha. Halafu hospitali leo, si kesho. Unahitaji kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa, kuangaliwa pepopunda, na dawa ya bakteria. Vitundu vidogo ndivyo vibaya, sababu nimekueleza pale juu kuhusu jipu. Kilichompata yeye kwenye kiwiko kinaweza kukupata wewe kwenye mkono.

Na huyo paka HATOKI. Paka au mbwa aliyeng'ata anatazamwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku ile, ndani ya muda huo ataugua wazi au atafa. Akibaki mzima, daktari wako anaweza kukusitishia chanjo. Ukimwachia usiku, umejinyima jibu. Na usingoje hizo siku 10 ndipo uanze sindano, vinaenda pamoja.

Nyundo Butu
Kichaa cha mbwa kwa paka? Huyu hana mate, hana ukali, ananguruma tu ukigusa kidonda. Hata wewe ungenguruma.

Na nawaambia ukweli kwa nini siwezi kukaa naye. Mama watoto alinikataza kuleta mnyama ndani, hajui kama niliumwa, nimemwambia nimejigonga na nyundo. Nikienda hospitali nitaulizwa na yeye atajua. Siku 10 stoo haiwezekani. Nikimrudisha kesho kila kitu kinaisha kimya kimya.

Shangazi Mkali
Nilijua tu kuna mke anayedanganywa humu. Wanaume! Leo paka, kesho utamficha nini stoo?

Bingwa wa Kona
Mkuu mimi nakuelewa. Zile sindano ni za kitovuni, tena nyingi. Babu yangu alichomwa, alikuwa akizisimulia mpaka anazeeka. Mimi ningeacha.

Mzee wa Kimya
Bingwa, hiyo ni habari ya zamani. Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa, alichomwa sindano 13 tumboni mwaka 1885, chanjo ya mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, na alipona. Za siku hizi ni chache na zinachomwa begani, kama chanjo nyingine. Babu yako alisimulia mpaka akazeeka kwa sababu alichomwa. Asiyechomwa, dalili zikishaanza, karibu hakuna anayebaki kusimulia.

Kisirani
Samahanini wakubwa, mimi naona mnapigwa chai humu, tena ya moto.

Akaunti imefunguliwa wiki hii. Uzi mmoja tu. Alianza "paka anachechemea", akaona hauchangamki, akaongeza jino, akaongeza mke, akaongeza nyundo (na jina lake Nyundo Butu, hamshangai?). Paka wa mtaani mwenye jipu anakubali kukaa stoo juu ya gunia kama mgeni wa heshima? Na harufu ya usaha stoo, mke hajasikia? Kesho ataleta mtoto aliyeng'atwa. Mimi nimeshaona nyuzi za namna hii mpaka basi.

Kijukuu
Daah. Hata mimi nilishaanza kuwa na wasiwasi pale kwenye boksi.

Mama Mapacha
Chai au si chai, ushauri wa Tabibu ni ule ule. Kuna mtu atausoma huu uzi ana vitundu mkononi.

Kisirani
Sawa, basi aweke picha. Si ya paka, paka wamejaa mtandaoni. Ya mkono.

Nyundo Butu
Mimi sina muda wa kutunga. Nimekuja na shida mnanifanya msanii. Akaunti mpya kwa sababu sikuwahi kuwa na swali. Picha hiyo hapo, Kisirani, ukiridhika uniombe radhi.
[picha]

Kisirani
Vitundu nimeviona. Vinaweza kuwa vya uma.

Tabibu wa Mifugo
Kisirani kaa pembeni kidogo. Nyundo, huo mstari mwekundu unaotoka kwenye kifundo kupanda juu, ulikuwepo asubuhi?

Nyundo Butu
Mstari gani? Nilidhani ni mwanga.

Tabibu wa Mifugo
Bonyeza kwapani mkono ule ule. Kuna tezi linauma? Unahisi baridi au homa?

Bila kusubiri jibu: maambukizi yameanza kupanda. Toka hapo ulipo, nenda. Waambie neno kwa neno "nimeng'atwa na paka wa mtaani", usitaje nyundo, maana kidonda cha nyundo watakufunga bandeji na kukurudisha nyumbani. Boksi uliloandaa mtie huyo paka, umpeleke kwa daktari wa mifugo baadaye au mtu akusaidie. Mfunike kwa taulo nene kabla ya kumnyanyua, mzungushie mwili wote na miguu, kichwa tu kibaki. Usimshike shingoni kwa mkono mtupu.

Bingwa wa Kona
Naondoa maneno yangu ya kitovuni.

Shangazi Mkali
Kaka nenda. Mkeo atanuna, lakini kununiwa hakuui.

Kobe Mwepesi
Wakati tunamsubiri, naomba kuuliza. Yule wangu niliyempa paracetamoli, Tabibu una uhakika? Maana kuna paka wa rangi ile ile namwonaga juu ya ukuta.

Mzee wa Kimya
Paka wa rangi ile ile wako wengi, Kobe.

Kisirani
Amepotea. Si nilisema? Sasa atarudi baada ya siku mbili na "mrejesho" kwamba amelazwa.

Mama Mapacha
Wewe ungeng'atwa ungeandika kutoka kwenye foleni ya sindano?

Nyundo Butu
Sijalazwa. Naandika kwa mkono wa kushoto, mvumilie makosa.

Kidonda kimeoshwa tena kwa muda mrefu mpaka nikamchukia yule muuguzi. Nimechomwa begani, na dawa nyingine imedungwa kuzunguka vile vitundu, hiyo ndiyo iliyouma kweli, isikuzuie mtu lakini. Antibayotiki nameza, mstari umeanza kufifia. Ratiba ya sindano zilizobaki nimepewa kwenye kadi.

Paka alipelekwa. Daktari alimnyoa juu ya kiwiko, chini ya manyoya kukawa na alama mbili ndogo sana kama zangu, zimeshakauka juu. Alipopasua, sitawaeleza kilichotoka, wengine mnakula. Mfupa mzima. Leo ameuweka mguu chini, kwanza kwa kugusa, halafu akaegemea. Yuko stoo, mlango umefungwa, anahesabiwa siku zake 10, mimi simshiki, bakuli nalisukuma kwa ufagio.

Mama watoto kajua. Hilo sitalizungumzia humu.

Kisirani
Kadi nimeiona kwenye picha. Haya, pole mkuu. Mkono upone.

Nyundo Butu
Nashukuru. Sasa kuna jingine. Daktari anasema siku zikiisha na akiwa mzima achanjwe halafu ahasiwe, eti madume wasiohasiwa ndio wanaopigana usiku na kurudi na majipu. Mimi naona ni kumwonea. Mtu umemtoa mtaroni, umempasua jipu, halafu unamalizia na hilo? Nimeshamwambia daktari nitafikiria, lakini ukweli sitaki. Wanaume wenzangu mnasemaje?

Tabibu wa Mifugo
Daktari wako yuko sahihi. Ungejua ni mapigano mangapi yanaanzia hapo.

Bingwa wa Kona
Usikubali mkuu, mwache na mali yake.

Kijukuu
Fungua uzi mwingine. Nawahi siti.