Naomba ushauri: mwani wa kotonii unakufa Jambiani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunalima mwani Jambiani, Unguja, ndani ya mwamba, pale ambapo maji ya bamvua yakipwa unakwenda shambani kwa miguu. Kila kaskazi ikiingia maji haya machache yanapata moto, kotonii inageuka nyeupe na kukatika kwenye tai-tai, zile kamba ndogo za kufungia mwani. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, inavumilia, ila bei yake ndiyo hiyo ndogo mnayoijua. Tumesogeza vigingi karibu na mkondo, tumebadilisha mbegu, wapi! Wenzangu wanasema twende kina kirefu, kamba zielee kwa maboya. Lakini wengi wetu ni kinamama, kuogelea hatujui wala chombo hatuna.

Mliojaribu, maji yakipwa kabisa kamba ziwe na kina gani chini yake? Na spinosamu ikisagwa unga wa kutengenezea sabuni inalipa kuliko kuiuza kavu?