Naomba ushauri: utitiri wananimalizia mimea ya ndani

Hamjambo wenzangu. Naishi Kasarani, ghorofa ya 4, na sebuleni nina vyungu 11. Tangu joto la Januari lianze, majani ya sikio la tembo yamejaa vidoa vya manjano, na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui. Nililigonga jani moja juu ya karatasi nyeupe. Vitu vidogo kama vumbi la pilipili vikaanza kutembea!

Nilipulizia dawa ya wadudu kutoka agrovet, haikusaidia. Baadaye nikaelewa kwamba utitiri si wadudu, ni jamii ya buibui wenye miguu 8, hivyo dawa nyingi za wadudu haziwaui. Sasa naosha majani kwa maji na sabuni kidogo, hasa upande wa chini, kila baada ya siku 5 kwa sababu mayai huendelea kuanguliwa. Wanapungua, kisha wanarudi.

Aliyetumia mafuta ya mwarobaini, unaweka kiasi gani kwa lita 1 bila kuunguza majani? Nina mtoto wa miaka 2, sitaki sumu kali ndani. Na mmea mpya mnautenga kwa muda gani? Nadhani hawa waliingia na chungu nilichonunua Desemba kando ya barabara, nikakiweka moja kwa moja katikati ya vingine.