Ushauri: kuweka jiko la chuma la kuni ndani ya meko ya zamani ya sebuleni, Ilboru

KijanaWaIlboru:
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu anaishi Ilboru, Arusha, kwenye nyumba ya mawe ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba. Sebuleni kuna meko ya ukutani na chimni inayopanda hadi juu ya paa. Baridi ya mwezi wa saba huku mnaijua, na magoti yanamsumbua. Tukiwasha moto, moshi mwingi unarudi ndani, kuni zinaisha haraka, na ukisogea hatua chache tu kutoka mekoni husikii joto.

Nimepata jiko la chuma lenye mlango wa kioo kwa mtu anayehama. Shimo la meko lina upana wa sentimita 90 na kimo cha 75, jiko lina upana wa 50, kwa hiyo linaingia. Fundi wa kuchomelea wa Unga Limited anasema tulisukume mle ndani, tuweke kipande kifupi cha bomba kielekee kwenye chimni, basi. Inatosha? Nina haraka kwa sababu mama ameanza kulala na jiko la mkaa chumbani.

DadaMachame:
Kaka, hilo jiko la mkaa litoke chumbani leo hii, mengine yatafuata. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi, bado unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu anasinzia, haamki. Mwongezee mama blanketi, mjazie chupa ya maji ya moto aweke miguuni. Tafadhali, usiache hadi kesho.

KijanaWaIlboru:
Nimempigia dada anayekaa naye, limetolewa nje. Asante sana.

MzeeWaTofali:
Mwanangu, jiko ulilopata huenda ni zuri, ila kazi kubwa hapa ni bomba. Nimejenga na kukarabati chimni miaka mingi, naomba unisikilize kwa hili.

Chimni ya meko ya wazi hujengwa pana, kwa sababu moto wa wazi unapanda na hewa nyingi ya chumba. Ndiyo maana joto lenu linapotea. Jiko la kufunga mlango linatoa moshi kidogo, tena taratibu. Ukiuachia moshi huo ndani ya chimni pana ya mawe baridi, unapoa kabla haujafika juu. Chimni inaacha kuvuta, na masizi yenye mafuta, yaani kreosoti, yanaganda kutani. Siku moja yanashika moto humo humo ndani, na kama kuna ufa, moto unafika kwenye kenchi.

Kwa hiyo bomba la stenlesi litoke kwenye tundu la jiko hadi juu kabisa ya chimni, bila kukatika. Kipenyo kifuate tundu la jiko. Majiko mengi ya ukubwa huo ni inchi 6, nawe usikubali kulipunguza njiani. Bomba la bati lenye zinki likatae kabisa, likipata moto mkali linatoa mvuke wa sumu. Pale bomba linapoingia chimni, ziba pembeni yake kwa bamba la chuma. Juu ziba vilevile, kisha weka kofia ya kuzuia mvua. Kilele kizidi paa kwa sentimita 90 angalau, na kizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3.

Kabla ya yote, chimni isafishwe. Hizi za zamani utakuta viota, hata nyuki. Halafu siku moja mtoe mama nje, fungua madirisha, washa majani mabichi mekoni, na mtu wa juu ya paa afunike mdomo wa chimni kwa gunia bichi kwa muda mfupi. Wewe uwe darini na tochi. Ukiona moshi unatoka kati ya mawe, hapo pana ufa, uzibwe kwanza.

MangiShanty:
Mzee, shikamoo. Nyumba ninayopanga hapa Shanty Town, Moshi, wameweka kipande kifupi tu na linawaka vizuri. Stenlesi si bei ndogo, tusimtishe kijana.

MzeeWaTofali:
Marahaba. Kuwaka litawaka. Lakini masizi yakianguka yanatua nyuma ya jiko, na huwezi kuyafikia mpaka jiko livutwe nje. Wapangaji wanakaa mwaka, wanahama, hakuna anayelivuta. Bomba zima unalisafisha kwa brashi kutoka juu, mara moja kwa mwaka kabla ya baridi. Muulize mwenye nyumba wako masizi ya kwako yalisafishwa lini. Hela ikiwa haitoshi, kijana, jiko lisubiri stoo hadi bomba lipatikane.

MkulimaTengeru:
Niongeze kuhusu kuni, maana jiko zuri linaharibiwa na kuni mbichi. Zipasue na uzipange mahali penye paa, pembeni pawe wazi upepo upite, miezi sita hadi mwaka. Mkaratusi nene unataka muda zaidi. Ukigonga vipande viwili vikalia kwa sauti kali, vimekauka. Vikitoa sauti nzito, bado. Mashina ya mibuni ya zamani ni kuni bora sana, mgrevilia unawaka upesi na unafaa kuanzishia. Vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa visiingie kabisa. Na usimwache mama abane hewa usiku kucha ili moto udumu; kuni zinazofuka tu ndizo zinazojaza bomba masizi.

KijanaWaIlboru:
Nimewaelewa, wazee wangu. Fundi nimemsimamisha, natafuta bomba kwanza. La mwisho: mbele ya meko sakafu ni ya mbao, na juu ya meko kuna rafu nene ya mbao ambayo mama hataki iondolewe. Nifanyeje?

MzeeWaTofali:
Sakafu ni rahisi: weka bamba la jiwe litokeze sentimita 45 mbele ya mlango wa jiko. Rafu inategemea umbali anaoutaja mtengenezaji, tafuta kibao cha chuma nyuma ya jiko. Kisipokuwepo, funga bati chini ya rafu ukiacha nafasi ya vidole viwili hewa ipite kati ya bati na mbao, na kwa siku za mwanzo iguse kwa mkono mara kwa mara. Mkono ukishindwa kukaa, mwambie mama ukweli kwamba rafu itoke. Angalia pia kamba ya mlangoni, ile inayoziba hewa isipite pembeni mwa mlango wa jiko: bana karatasi na mlango, ikichomoka kirahisi, kamba imechoka. Majivu yakae nje kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, makaa hukaa hai humo siku kadhaa.

Ukipata bei ya bomba iweke hapa, pamoja na picha ya tundu la jiko.