IST otomatiki: RPM zinapanda, gari haivuti

Mdau_Nzuguni
Wakuu, habari za leo. Toyota IST ya 2004, otomatiki. Kutoka Dodoma kwenda Morogoro, baada ya Kibaigwa kwenye kupanda, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umeruka toka 2,500 hadi 4,500 huku spidi ikishuka toka 80 hadi 30. Injini haikuzima wala kukohoa, taa ya cheki injini haikuwaka. Ikipumzika nusu saa inavuta kilomita kama 10, halafu inarudia. Nikiweka R (gia ya kurudi nyuma) inachelewa sekunde 3 kuingia. Fundi mmoja anasema pampu ya mafuta, mwingine ninunue giaboksi ya mtumba. Nianzie wapi?

Fundi_Kizota
Pampu ya mafuta iache. Mafuta yakikosekana, RPM nazo zinashuka. Hapa injini inazunguka vizuri, ila nguvu inapotea kabla ya kufika kwenye matairi: pleti za klachi ndani ya giaboksi zinateleza. Zinabanwa na presha ya haidroliki. Oili ya giaboksi ikipungua, pampu ya giaboksi inavuta hewa, oili inatoa povu na presha inaanguka. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi zaidi, ndiyo maana ukipumzisha gari inavuta tena. R kuchelewa ni dalili ileile.

Usinunue chochote kabla ya kupima. Zungusha gari mitaani mpaka ipate moto, simama pa tambarare, vuta handbreki. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki, pitisha gia toka P (ya kuegesha) mpaka L (ya mwisho) taratibu, rudi P. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Wengi wanapima injini ikiwa imezimwa, kama oili ya injini. Wanaona imejaa kumbe imepungua.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu ni nzima. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, pleti zimeshaliwa, na oili mpya haitazirudisha. Ikiwa ya waridi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia; usiwashe tena.

Otomatiki_Nala
Naongezea: weka P pa tambarare, achia handbreki, sukuma gari. Ikitembea, angalia shafti (chuma kinachopeleka nguvu toka giaboksi hadi tairi) kwanza, huenda imekatika au imechomoka. Na kama itavutwa, matairi ya mbele yanyanyuliwe. Injini ikizimwa pampu ya giaboksi haifanyi kazi, vyuma vinasagana vikavu.

Mdau_Nzuguni
Asanteni sana. P inashika. Ikiwa ya moto, ncha tu ya kijiti ndiyo imelowa. Rangi nyekundu iliyofifia, haina harufu. Shafti ya kushoto inapoingilia giaboksi kuna vumbi lililogandana na oili.

Fundi_Kizota
Basi giaboksi ya mtumba usinunue. Hiyo ni sili ya shafti (mpira unaozuia oili isitoke) inayovuja. Ukichomoa shafti, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya nayo itavuja. Paka mdomo wa sili oili ya giaboksi kabla ya kurudisha, na meno ya shafti yasiukwaruze.

Fungua pia sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), bolti za spana 10. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida; vipande vya chuma si kawaida. Safisha, weka filta na gasketi mpya, kaza bolti kwa mkono mwepesi, maana sampo ni bati jembamba.

Oili ni T-IV, soma maandishi kwenye kijiti chenyewe. Usikubali ya CVT (otomatiki ya mkanda), wala mabaki ya dumu lisilojulikana. Ukimwaga haitoki yote, nyingi inabaki kwenye tochi konveta (kiungo cha injini na giaboksi kinachojaa oili). Anza na lita 2, washa, pitisha gia, pima, kisha ongeza robo lita kila mara mpaka alama ya HOT. Usizidishe, ikizidi nayo inatoa povu.

Ikiendelea kuteleza wakati kipimo kiko sawa, mwambie fundi apime presha ya giaboksi kwa geji kabla hajafungua kitu.